Tone moja la jicho

Jumapili moja ya mwezi wa kumi niliamka nikashtuka kwamba jogoo hajawika. Nilijifunga kanga nikatoka uani, nikamkuta kwenye kona ya banda amezubaa, mabawa yameshuka mpaka yanagusa maranda, chini yake kinyesi cha kijani. Matetea wawili walikuwa wanahema mdomo wazi. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimefukia kuku 17. Nilikuwa nao 22.

Hao 22 sikuwanunua kwa mkupuo. Mama yangu wa Singida alinipa matetea 3 na jogoo 1 nilipokwenda kumzika baba mdogo, nikasafiri nao kwenye tenga mpaka Dar, kila basi likisimama nashuka kuwatazama. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Tabata. Cherehani iko barazani, kuku wako uani, na uwani kwenyewe ni kama chumba na nusu. Yai la kienyeji nikiuza shilingi 500 hapo hapo mlangoni, wiki ikiwa mbaya kwa nguo nilikuwa bado na hela ya sukari na ya daftari za watoto. Kwa hiyo nilipokuwa nachimba lile shimo nyuma ya choo sikuwa nafukia mizoga tu.

Ugonjwa niliuingiza mwenyewe. Siku sita nyuma nilinunua tetea mzuri, mweusi mwenye madoa, kwa kijana anayepita na tenga juu ya baiskeli. Jioni ile ile nikamchanganya na wenzake. Kuku mgeni anatakiwa akae peke yake wiki mbili hivi, na chombo chake cha maji, umwangalie. Sasa naweka hata ndoo iliyopasuka ubavuni kwa ajili ya mgeni, lakini wakati ule sikujua.

Nilijaribu kila nililoambiwa. Majani ya mwarobaini kwenye maji, shubiri, pilipili kichaa. Nawasihi wafugaji wenzangu, msipoteze siku zenu hapo. Ugonjwa wenyewe ni mdondo, wengine wanaita kideri, unaletwa na virusi, na kuku akishaugua hakuna dawa ya kumponya. Kuna chanjo tu, na chanjo ni ya kuku mzima. Maneno haya niliambiwa na dada wa mifugo wa kata yetu, aliyekuja akachuchumaa na mimi kwenye banda lililokuwa limebaki na kuku 5. Akaniuliza kwa upole, "Mama, uliwachanja lini mara ya mwisho?"

Sikuwa nimewachanja hata siku moja. Na sababu yangu ndiyo iliyonifanya niandike leo, maana najua wengi mnayo hiyo hiyo. Mwaka uliotangulia nilikwenda duka la pembejeo nikaulizia. Kichupa kidogo kabisa walichokuwa nacho kilikuwa cha kuku 200, na mimi nilikuwa nao 12. Nikajisemea, nifungue dawa ya kuku 200 kwa ajili ya 12, nyingine nimwage? Nikarudi nyumbani.

Jirani yangu mwenye kuku 8 alikuwa amepiga hesabu hiyo hiyo. Mama muuza vitumbua mwenye 5, hivyo hivyo. Mtaa mzima tulikuwa tunaona kichupa ni kikubwa kuliko sisi, kila mmoja kwa nafasi yake, huku kuku wetu wanakunywa kwenye mfereji mmoja na kuchakura jalala moja. Ugonjwa ulipotoka kwangu ulifuata mfereji. Kwa mama vitumbua haukuacha hata mmoja.

Baada ya vilio kupita nilichukua daftari langu la vipimo vya wateja nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nyumba 14, kuku 131 waliobaki au walionunuliwa upya. Tukakubaliana kila kuku shilingi 100. Mjumbe wetu alisimamia hela, na dada wa mifugo akaja na kichupa chenyewe, chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini. Uzuri wake inavumilia joto kuliko zile za zamani, kwa hiyo haikuharibika njiani, ingawa aliifunga kwenye kitambaa kibichi na kuiweka kivulini.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla mabanda hayajafunguliwa, kwa sababu kuku wa uswahilini akishatoka humpati mpaka magharibi. Mimi nilikata mapindo ya kitenge chekundu yaliyobaki kwenye kushona sare, kila kuku akishachanjwa anafungwa kipande mguuni. Anayepita bila chekundu anakamatwa.

Kumchanja ni hivi. Unambana kuku kwapani, kichwa unakilaza ili jicho moja litazame juu. Kichupa unakisimamisha wima, mdomo chini, karibu lakini bila kugusa. Tone linadondoka, linakaa juu ya jicho kama shanga, halafu kuku anapepesa, ule utando wa ndani wa jicho unapita, na tone linazama. Ukiona limeteleza likaingia kwenye manyoya, rudia. Kifaranga tone moja, jogoo wa kilo tatu tone moja. Nilifanya kuku wangu watano wa kwanza mikono ikitetemeka. Kufikia nyumba ya nne nilikuwa nawafanya kama natia uzi kwenye sindano.

Kuku mmoja alikutwa amejikunyata, dada akakataa kumgusa, akasema atengwe kwanza. Jirani mwenye bata akauliza kama wake wanahusika. Akajibiwa kwamba bata mara nyingi haugui lakini anaweza kuubeba, basi wakaingia kwenye hesabu nao. Babu mmoja anayefuga sungura ndiye hakuwa na cha kuchanja, ila alikaa na sisi mpaka saa mbili akitushikia majogoo wakali. Vizimba vyake amevipanga juu kwa juu ukutani na mboji yake ndiyo inayootesha mchicha wa nusu ya mtaa.

Sasa nina kuku 19 tena. Tetea mmoja kati ya wale watano waliopona alilalia mayai 13. Siku ya saba usiku niliyamulika kwa tochi ya simu: lenye uhai unaona mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui na kidoa katikati, lisilo na kitu linang'aa tupu. Mawili niliyatoa. Siku ya 21 wakatoka 11. Kunguru walichukua wawili siku ya kwanza tu nilipowatoa nje, mbele ya macho yangu. Hawa kunguru weusi wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na mfugaji yeyote wa Dar anajua wanavyosubiri juu ya bati. Nikashona neti ya pazia kuukuu juu ya fremu ya kitanda cha mtoto, vifaranga wakakaa humo mpaka mwezi mmoja na nusu. Hakuchukuliwa mwingine.

Kinga ya tone lile haidumu, kila baada ya miezi mitatu inarudiwa. Mara ya pili tulikuwa nyumba 19. Bibi wa nyumba ya kona, aliyekuwa amegoma mara ya kwanza akisema kuku wake ni wa dua hawachomwi wala hawatiliwi kitu, alikuja mwenyewe saa moja asubuhi na tetea amemfunga kwenye kanga, kichwa tu kiko nje. "Mwanangu, nasikia hakuna sindano." Nikamwambia, "Hakuna bibi, ni jichoni tu." Akamshika mwenyewe, mimi nikadondosha.

Mara ya tatu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Vitambaa vya safari hii ni vya kijani, nimeshavikata, viko kwenye droo ya cherehani.