Nilivyomkanda punda wetu hadi mgongo ukalegea

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiwakanda wazazi hapa Langoni, katika mji wa Lamu, katika zile siku arubaini za mwanzo baada ya kujifungua. Kazi hiyo niliipokea kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuniruhusu kuminya mwili wa mtu hata kwa kidole kimoja mpaka nilipojua kwanza kuweka kiganja na kukiacha kitulie. Sikuwahi kufikiri kwamba mafunzo hayo yangemfaa mnyama, mpaka mwaka juzi, wiki chache baada ya Maulidi, Mastura, punda jike wa mwanangu wa kwanza, alipoanza kukataa kugeuza shingo upande wa kushoto.

Mwanangu huchukua mchanga, mawe na saruji kutoka gatini hadi kwenye majumba yanayojengwa. Vichochoro vyetu havipitiki kwa gari, kwa hiyo karibu kila kinachojengwa hapa kimepita juu ya mgongo wa punda au bega la hamali. Mastura hakuchechemea wala hakulala chini. Alichofanya ni kulaza masikio nyuma kila alipotandikwa, kusita penye vidato vya kushuka, na kubakisha majani yake jioni. Vijana wa gatini walisema ni ukaidi na wakashauri fimbo. Punda huficha maumivu kuliko farasi, na dalili ndogo kama hizo mara nyingi ndizo pekee anazotoa, hasa hiyo ya kuacha chakula, kwani punda asiyekula kwa siku chache huweza kujaa mafuta katika damu na kufa. Sisi tulichelewa karibu wiki mbili kulielewa hilo, na jambo hilo bado linaniuma.

Tulimpeleka kwenye kituo cha The Donkey Sanctuary, ambacho watu wa hapa hukiita hospitali ya punda na ambacho kimekuwapo Lamu tangu 1987. Daktari alipima halijoto, ambayo kwa punda mzima huwa karibu sentigredi 37, akahesabu mapigo ya moyo, kisha akachunguza meno na kwato kabla ya kugusa mgongo, kwa sababu punda anayeumwa kwato hujikaza mgongo ili kuupumzisha mguu. Kwato za mbele zilikuwa zimerefuka, naye akazichonga. Alimpa dawa ya maumivu, akaamuru siku kumi bila mzigo, na alipopitisha vidole nyuma ya bega la kushoto Mastura akazama mgongo kama aliyechomwa. “Mama,” aliniambia baada ya mwanangu kumweleza kazi yangu, “hapa misuli imekakamaa. Hana homa, hana kidonda, hana uvimbe wa moto. Zikipita siku tatu, unaweza kumkanda, lakini polepole.”

Masharti hayo niliyashika yote, na ningemsihi yeyote anayetaka kujaribu ayashike vilevile. Mnyama mwenye homa hakandwi. Jeraha bichi halikandwi, wala uvimbe usiojulikana sababu yake, wala tumbo linalosokota. Jeraha la jana au la juzi hutakiwa maji baridi na daktari.

Mpwa wangu alinisomea katika simu kwamba kazi hii ina wenyewe huko ng'ambo. Mmarekani aliyeitwa Jack Meagher, ambaye alikuwa mkandaji wa wanariadha, alihamishia ujuzi wake kwa farasi wa timu ya Marekani wakati wa Olimpiki ya Montreal ya 1976. Linda Tellington-Jones, mwanamke aliyejifunza kwa Moshe Feldenkrais, mwalimu wa mazoezi ya mwendo wa mwili, alibuni namna ya kuzungusha ngozi ya mnyama kwa ncha za vidole, mduara mmoja na robo, kisha kuhamia mahali pengine. Nilifarijika kujua kwamba Meagher, kama mimi, alianzia kwa binadamu.

Siku ya kwanza nilikosea. Nilipasha mafuta ya nazi kama ninavyofanya kwa mzazi, nikampaka mgongo mzima. Manyoya ya punda yaligandamana, vumbi na mchanga vikanasa humo, na laiti angetandikwa siku hiyo, mchanga ule ungemchubua ngozi mpaka damu. Ilinichukua saa nzima kumwosha. Tangu hapo ninamkanda mikono ikiwa mikavu, baada ya kumpiga brashi, jioni baada ya Alasiri jua linapopungua.

La pili lililonishangaza ni bega lenyewe. Mwanadamu ana mtulinga unaounganisha bega na kifua. Punda, kama farasi, hana mfupa huo kabisa. Miguu yake ya mbele imeshikizwa kiwiliwili kwa misuli na mishipa tu, hivyo kifua chake kinaning'inia katikati ya miguu miwili kama mtoto katika mbeleko, na mzigo wowote anaowekewa mgongoni unaifikia misuli hiyo. Nilipolielewa hilo niliacha kuufukuza mgongo peke yake, nikaanza kila siku na bega.

Mwanangu husimama mbele na kushika kamba ikiwa imelegea, kwani punda aliyefungwa kwa nguvu hawezi kusema “basi”. Mimi husimama ubavuni, kamwe si nyuma, nikaweka kiganja begani na kungoja mpaka nihisi pumzi yake imeshuka. Baadaye ninateleza kwa viganja viwili kufuata malazi ya manyoya, kutoka shingoni hadi kwenye nyonga, mara tano au sita, ili nijue wapi pana joto, wapi pamekuwa pagumu, wapi ngozi inaruka. Mastura ana ule mstari mweusi unaopita katikati ya mgongo. Mstari huo umekuwa mpaka wangu: chini yake ni mifupa ya uti wa mgongo, na juu yake siminyi hata kidogo. Ninakanda pembeni tu, umbali wa vidole vitatu, kwa sehemu nene ya chini ya kiganja, nikiegemea kwa uzito wa mwili wangu badala ya nguvu ya mkono, nikihesabu mpaka kumi na kuachia polepole kuliko nilivyoegemea. Penye fundo ninatumia ncha za vidole na miduara ile midogo. Nikimaliza, mwanangu humwonyesha ganda la embe karibu na ubavu ili alifuate kwa shingo mwenyewe, bila kuvutwa, kwanza upande mzuri, kisha ule unaouma.

Wiki ya kwanza aliinua mguu wa nyuma mara mbili. Watu hukumbuka upesi kwamba shukrani ya punda ni mateke, lakini mara zote mbili nilikuwa nimeminya kabla hajawa tayari, na nilipopunguza aliushusha. Siku ya tisa mdomo wa chini ulilegea, macho yakawa mazito, akaanza kutafuna ilhali hana kitu mdomoni, kisha akapiga miayo mitatu mfululizo. Wanaowakanda farasi huzitazama dalili hizo kama ishara kwamba mwili umeachilia. Mwanangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akishika kamba kwa ajili ya heshima yangu tu, alinitazama na kusema, “Mama, mbona hajawahi kuwa hivi?”

Jambo kubwa kuliko yote, hata hivyo, liligunduliwa na mikono kabla ya macho. Fundo la Mastura lilikuwa upande wa kushoto peke yake, kiasi cha shibiri moja nyuma ya bega, na kila nilipolilegeza siku moja kabla ya safari za majaribio zilizofuata zile siku kumi za mapumziko, lilirudi baada yake. Nikamwambia mwanangu alete shogi, ule mkoba wa mizigo unaolazwa mgongoni mwa punda, na matandiko yake uani, tukayapindua. Upande wa kushoto matandiko yalikuwa yamelala yakawa kama mkate wa juzi, na mshono wa shogi ulikuwa ukikaa juu ya pale pale penye fundo. Zaidi ya hapo, yeye hupakia kwanza upande wa kushoto na kumwacha punda akiwa ameelemea huko mpaka mfuko wa pili ufike. Mifuko miwili ya saruji ni kilo 100, na Mastura alipopimwa kwa utepe kifuani alikadiriwa kuwa na kilo 140.

Tulishona mito miwili mipya ya gunia, tukaijaza makumbi yaliyopondwa, tukaiunganisha kwa vitambaa ili katikati ibaki nafasi wazi, mzigo usiguse ule mstari mweusi. Sasa watu wawili hupakia kwa pamoja, na saruji huenda mfuko mmoja uliogawanywa pande mbili. Safari zimeongezeka na faida imepungua kidogo. Mwanangu alinung'unika, nami sikumlaumu, lakini nilishikilia.

Baada ya wiki sita aligeuza shingo kushoto mpaka pua ikagusa ubavu. Siwezi kugawanya sifa kati ya dawa, mapumziko, kwato zilizochongwa, mito mipya na mikono yangu. Ninaamini tu kwamba bila kumkanda kila jioni nisingelijua fundo lile lilivyorudi, na bila kulijua tungeendelea kumtandika shogi lile lile. Ndiyo maana jirani alipomleta punda wake mwenye bega lililovimba na lenye moto, nilimwambia, “Ami, huyu aende hospitali kwanza,” nikakataa kumgusa ingawa alikasirika.

Mastura bado ana kijifundo chini ya kidole changu cha kati, kidogo kama mbegu ya ukwaju. Ninakipitia kila Ijumaa asubuhi, siku ambayo hapakiwi mzigo.