Kumbukumbu za Shungi: kumuuguza aksolotli nyumbani

Siku aliyofika

Shungi ni aksolotli, amfibia wa majini mwenye matamvua ya kupumulia yaliyo nje, pande mbili za kichwa. Ni mtu mzima, sentimita 22 hivi, wa rangi ya waridi iliyofifia. Nimempokea kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Niliambiwa tu kwamba "siku hizi chakula kinamshinda". Nilipofunua ndoo nikaona chakula ni tatizo dogo kati ya mengi.

Naandika nilivyomkuta, ili baadaye nisidanganywe na kumbukumbu. Ncha ya mkia imejikunja. Matamvua yameelekea mbele, na hiyo kwa aksolotli ni dalili ya kero hata pale ambapo maji hayana mkondo. Tumbo ni jembamba kuliko kichwa, wakati mnyama mwenye afya tumbo na kichwa hukaribiana upana. Tamvua mbili za kushoto zina vishada vyeupe kama pamba. Mara kwa mara sehemu ya nyuma inanyanyuka na kuelea, kisha anapambana kurudi chini.

Kabla ya kumwaga maji aliyokuja nayo niliyapima: joto nyuzi 26 za Sentigredi, pH (kipimo cha asidi na alkali) 8, amonia miligramu 2 kwa lita, nitriti ipo, nitrati hakuna. Maana yake tangi alilotoka halikuwa limepevuka. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, hawakuwa wa kutosha. Tena pH ikipanda na joto likipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile yenye sumu kali. Hayo matatu kwa pamoja yanatosha kumlaza mnyama yeyote wa majini, sembuse huyu ambaye asili yake ni maziwa ya Xochimilco, kwenye nyanda za juu za Meksiko, zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari. Anataka nyuzi 16 hadi 18. Zikizidi 22 anaanza kuteseka.

Usiku huo sikumpa dawa yoyote. Nimemweka kwenye beseni la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa, maji yaliyotolewa klorini, na kipande cha bomba pana cha kujifichia. Beseni nimelifunika kwa taulo, kwa sababu aksolotli hana kope na mwanga hawezi kuukwepa kwa kufumba macho. Maji ni ya kina kifupi, ili akitaka kupiga funda la hewa asihangaike. Ana mapafu pia, ingawa tegemeo lake kubwa ni matamvua na ngozi. Joto nalishusha kwa chupa zilizofungwa zenye barafu, nyuzi mbili au tatu kwa siku na si zaidi. Kumtoa kwenye 26 na kumtumbukiza kwenye 16 ni kumwongezea ugonjwa.

Beseni

Ratiba ndiyo hii na haina ujanja. Nina mabeseni mawili yanayofanana. Moja anakaa yeye, la pili lina maji ya kesho yaliyokwisha kutolewa klorini na kufikia joto lilelile. Kila siku namhamisha, la jana naliosha kwa maji ya moto bila sabuni, nalijaza tena. Hakuna chujio, kwa hiyo kubadilisha maji yote kila siku ndilo chujio lenyewe.

Neno moja kuhusu dawa ya kutoa klorini: soma kibandiko. Zipo zilizowekewa mshubiri "kulinda ngozi ya samaki". Hizo si za aksolotli. Vivyo hivyo dawa za samaki zenye shaba. Ngozi ya amfibia hunyonya vitu vingi vilivyomo majini, na kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya samaki hakimhusu.

Chumvi

Joto limetulia kwenye 17. Mkia umenyooka kidogo. Vishada vyeupe bado vipo, ndiyo maana leo nimeanza kumwogesha kwa chumvi.

Chumvi ni ya kawaida, isiyo na madini joto wala kitu cha kuzuia kugandamana. Vijiko 2 vya chai kwa kila lita, inakorogwa hadi iyeyuke yote, na maji yawe na joto sawa na ya beseni. Dakika 10, saa mkononi. Nimeketi naye muda wote, maana akianza kurukaruka ni lazima atoke hata kama dakika hazijatimia. Kupita dakika 15 ni kuyachoma matamvua unayotaka kuyaponya. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, kwa siku chache tu.

Katika kuoga mara ya pili kishada kimoja kilimeguka na kuelea, na kipande cha tamvua kikaondoka nacho. Kinatisha kukiangalia, lakini tamvua hurudi. Aksolotli huotesha upya hata mguu mzima. Ninachokihofia ni kile kisichoonekana. Ukungu wa aina hii, Saprolegnia, mara nyingi hushika mnyama ambaye tayari kuna jambo lingine limemdhoofisha. Maji ni safi sasa, joto ni zuri, na bado anaelea nyuma. Kwa nini?

Nimeulizwa kuhusu maji ya chai. Majani meusi yasiyotiwa ladha hutoa tanini, na wafugaji wengi huitumia kutuliza ngozi. Sina ugomvi nayo. Ila nikimpa chumvi, chai na dawa ya buluu ya kuvu (methylene blue) kwa pamoja, akipona sitajua kilichomponya, na akizidiwa sitajua kilichomzidishia.

Kwa daktari

Si kila daktari wa mifugo anakubali kumshika aksolotli. Huyu alikubali. Nilimsafirisha kwenye kopo lenye maji yake, gizani, chupa ya barafu ikiwa kando na si ndani.

Alikwangua tamvua taratibu akaangalia kwa hadubini: nyuzi za kuvu, na siyo bakteria wa columnaris wanaofanana nao kwa macho. Tofauti hiyo ina maana, kwani columnaris huja kama utando bapa wa kijivu au wa njano, huenda haraka, na chumvi peke yake haitoshi.

"Dokta, basi nimpe antibayotiki kama tahadhari?" nilimuuliza.

"Subiri kidogo. Huyu anaelea. Tuone tumboni kuna nini."

Eksirei ikajibu. Mawe mawili, meupe kabisa kwenye picha, moja karibu na njia ya kutokea. Aksolotli hali kwa kutafuna. Anafungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na chochote kilicho mbele yake. Kwenye tangi lenye changarawe, chochote hicho ni changarawe. Mambo yote yakajipanga: mawe yalizuia choo, akaacha kula, akadhoofika kwenye maji mabaya, kuvu ikapata nafasi. Mimi nilikuwa napambana na kitu cha mwisho kwenye foleni.

Friji

Daktari alishauri baridi. Kwenye nyuzi 5 hadi 8, kuvu na bakteria hupunguza kasi, mnyama hatumii nguvu nyingi, na wengi waliomeza mawe huyatoa wakiwa humo. Lakini baridi ina gharama yake: usagaji wa chakula nao karibu unasimama, kwa hiyo halishwi, na Shungi alishakonda. Tulikubaliana nimpime uzito, na akishuka chini ya kiwango alichonitajia nimtoe, mawe yawepo yasiwepo. Alianza na gramu 61. Napima kwa kuweka kopo la maji kwenye mizani, naisawazisha iwe sifuri, ndipo namweka yeye.

Nilishusha joto hatua kwa hatua. Kipimajoto nimekitumbukiza kwenye gilasi ya maji kando ya beseni. Hewa ya friji hubadilika kila mlango ukifunguliwa, maji hayabadiliki haraka, na yeye anaishi kwenye maji.

Mama alifungua friji, akafunga, akaita: "Mwanangu, mgonjwa wako amehamia jikoni?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie rafu ya juu ni yangu."

Jiwe

Limetoka! La buluu, milimita 7 hivi, pamoja na choo cheusi kingi. Nimeliosha na kulihifadhi. Kuelea kumepungua siku ileile. La pili likafuata baadaye, dogo zaidi, bila kishindo. Eksirei ya pili haikuonyesha kitu.

Kumrudisha kwenye 16 nimefanya kwa mwendo uleule wa kushusha. Haraka hapa haina faida.

Kula

Amekula. Alichokula ni kipande cha nyungunyungu, urefu wa sentimita 2, baada ya kukikataa jana. Wale wembamba wekundu wa kwenye mbolea hutoa majimaji machungu, na aksolotli wengi huwatema. Nimebadilisha nikampa wa udongo, mkubwa, aliyekatwakatwa na kusuuzwa. Nakishika kwa kibanio cha plastiki na kukichezesha mbele ya pua, maana macho yake ni hafifu. Hutegemea zaidi harufu na mtikisiko wa maji. Vipande vidogo, kila baada ya siku mbili. Tumbo lililokaa tupu muda mrefu halijazwi kwa pupa.

Hali ilivyo

Gramu 74. Vishada vyeupe havijarudi. Tamvua za kushoto zimeanza kuota nyuzi nyekundu, bado fupi kuliko za kulia.

Yupo beseni bado, kwa sababu tangi lake jipya halijapevuka. Nalilisha amonia ya chupa bila mnyama ndani. Nitriti ilipanda sana, sasa inashuka, nitrati inaonekana. Chini halina kitu, ni kioo kitupu na vigae viwili vya kukanyagia. Chujio ni la sponji, mkondo mpole. Feni juu ya maji inaliweka kwenye 18, na nataka nione kama litabaki hapo joto la mchana likiongezeka. Nikiweka amonia jioni na asubuhi ya pili nikakuta amonia 0 na nitriti 0, mara kadhaa mfululizo, nitabadilisha maji mengi ili nitrati iwe chini ya miligramu 20 kwa lita, kisha namhamisha. Nitaweka vipimo hapa.