Surf ya 2.7 na ulaji wa mafuta: mwizi nilimkuta kwenye rejeta

Ukiwa na Hilux Surf ya petroli yenye injini ya 3RZ hapa Dodoma, ushauri wa bure utaupata kila kona. Badilisha plagi. Badilisha sensa ya oksijeni. Toa shafti ya mbele. Weka dawa kwenye tangi. Uza, nunua dizeli. Yangu ilikuwa inakwenda kilomita sita na ushee kwa lita, tena safari ndefu, bila mzigo, na petroli wakati huo ikicheza karibu elfu tatu kwa lita. Sasa inakaribia tisa. Haitakuwa Vitz, na anayekuahidi kumi na mbili kwa gari ya uzito huu ujue kuna kitu anataka kukuuzia.

Kabla hujanunua chochote, pima. Kishale cha tangi kina hadithi zake, kiache. Jaza mpaka pampu ijikate, usiongeze hata tone, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, ukirudi jaza kituo kilekile na pampu ileile. Pima kwenda na kurudi, mfano Dodoma hadi Gairo na kurudi, kwa sababu Juni mpaka Septemba upepo wa mashariki unakusukuma kifuani ukienda na mgongoni ukirudi. Wenye tairi kubwa nao wajiangalie. 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. Ukifunga 285/75R16 kwa ajili ya sura, kipenyo kinafika 834, na mita inakupunja asilimia saba: umetembea 107, yenyewe imeandika 100. Nguzo za kilomita za barabara kuu zitakuonyesha. Kuna watu wanalia na ulaji wa mafuta ambao sehemu yake haipo.

Haya, ugonjwa wenyewe. Gari ikichemka mara moja tu, mafundi wengi huku wana majibu mawili tayari: wanatoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, wanaitupa, halafu wanaifunga klachi ya feni, ile inayoiacha feni iteleze injini ikiwa baridi, isiteleze tena. Ukiuliza unaambiwa thamostati ni ya Wajapani wenye barafu, nchi ya joto haihitajiki. Hayo yanasemwa na watu wazima, spana mkononi. Thamostati ya injini hii inafunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Alfajiri ya Julai hapa hewa iko nyuzi 13 au 14, na mchana wa Novemba ukifika 33 bado ni baridi kali kwa injini inayotaka maji yake yapite 80. Bila thamostati, kama ilivyokuwa yangu, kwenye lami maji yanabaki 50 na kitu safari nzima.

Kompyuta ya injini inasoma hizo 50 na kitu, inaamini gari ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kuongeza petroli. Oili inabaki nzito. Kwa giaboksi ya otomatiki kuna la pili: klachi ya loku ndani ya konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja bila kuteleza, inasubiri injini ipate joto ndipo ikamate. Isipokamata, unasafiri ukichemsha oili ya giaboksi kwa pesa yako.

Kinachoudhi ni kwamba mashine haioni kitu. Unganisha tundu za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS, weka swichi ON, taa ya injini itakonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja: hakuna kosa. Kodi 22 ya sensa ya maji inakuja pale tu waya unapokatika au kugusana. Nyuzi 55 ni jibu halali, kompyuta haina cha kulalamika. Kishale cha dashibodi nacho si shahidi mzuri. Kina sensa yake peke yake ya waya mmoja, na kimetengenezwa kikae katikati kwa tofauti kubwa ya joto ili dereva asipate presha. Sensa ya kompyuta ni ile ya waya mbili. Chomoa soketi yake mara tu baada ya safari, pima omu (ukinzani wa umeme). Injini ikiwa baridi ya nyuzi 20 utapata 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 ni 200 hadi 400. Ukikuta 600 au 700 baada ya kutoka Chalinze Nyama, injini haijawahi kupata moto.

Hapo ndipo sensa ya oksijeni inapouzwa. Gereji moja iliifunga mpya kwenye hii gari kwa pesa ya kujaza tangi na chenji isirudi. Ulaji haukusogea hata kidogo. Sensa inaripoti tu oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na kompyuta inayodhani injini ni baridi haiisikilizi ipasavyo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji mashine. Tafuta lami tupu, nyuma hakuna mtu, O/D (gia ya juu kabisa) iko kazini, mwendo 80 umetulia. Mguu wa kulia usiuhamishe kabisa. Wa kushoto uguse breki kidogo tu, taa za nyuma ziwake bila pedi kukamata. Klachi ya loku ikiwa imeshika, itaachia: kishale cha mizunguko kinaruka mia mbili, mia tatu hivi, ukitoa mguu kinarudi. Kisiporuka, haikuwa imeshika. Angalia pia swichi ya taa za breki juu ya pedali. Ikikwama taa zikawaka muda wote, loku haiji hata injini ikiwa na joto lake, na gari ya namna hiyo ukiifuata usiku unaijua.

Sasa ili kuthibitisha kwamba ni baridi bila kununua kitu, nilitumia kipande cha boksi la biskuti. Alfajiri, boksi likapachikwa nyuma ya grili likaziba theluthi ya chini ya rejeta, gari ikaelekea Mbande. Kabla ya boksi, nikigusa breki kishale kimelala. Baada ya dakika chache na boksi, nikigusa kinaruka, kinarudi, kinaruka, kinarudi. Injini hata mlio ulibadilika. Boksi la bure lilifanya kazi iliyoshinda sensa. Ila litoe hapohapo ukimaliza, na usithubutu kupanda nalo mlima Sukamahela kwenda Manyoni wala Nyang'oro kwenda Iringa, utakaanga gasketi ya silinda hedi.

Thamostati mpya usiiamini kwa sababu ya pakiti. Ya kwanza kununuliwa ilikuwa na pakiti inayong'aa na 82 imechongwa juu yake vizuri kabisa. Ipime jikoni. Fungua valvu kidogo kwa bisibisi, bana uzi katikati, itundike kwa uzi huohuo ndani ya sufuria isiguse chini, weka kipimajoto kando yake, washa moto mdogo. Valvu ikianza kufunguka uzi unaachia, thamostati inadondoka, unasoma joto. Ile ya pakiti nzuri ilidondoka kwenye 66. Ya pili, ya dukani kwingine na isiyo na mbwembwe, ilidondoka 82 na kidogo, kwa pesa ya lita kumi na kitu za petroli. Endelea kuchemsha uone inafunguka kiasi gani: ikifika 95 inatakiwa iwe wazi milimita 8 au zaidi. Hapa tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, maji yanatokota kwenye 96 hivi, kwa hiyo usikimbilie kuzima yakianza kuchemka pembeni ya sufuria. Wakati wa kufunga, kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu, kinatoa hewa.

Ukirudisha thamostati bila kutibu kilichosababisha itolewe, itachemka tena na fundi atakucheka. Osha kwanza kondensa ya AC na rejeta kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje. Kati ya hizo mbili utakuta mbegu za majani, wadudu na vumbi la Dodoma lililogeuka tofali. Ndani ni chokaa ya maji ya visima. Rejeta ya shaba inafunguliwa ikachokolewa, ya alumini yenye matanki ya plastiki badilisha tu. Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri (distilled) yasiyo na asidi, na usirudie ya bomba.

Klachi ya feni: injini ikiwa baridi na imezimwa, izungushe kwa mkono, iende kwa uzito kidogo. Ikiwa imefungwa kwa bolti au imechomelewa, feni inavuma kama lori hata kwenye mizunguko 3,000, na nguvu ya kuisukuma inatoka kwenye tangi. Ikiteleza hata ikiwa moto, imeishiwa silikoni. Inajazika.

Mengine nitapita haraka. Surf za namna hii zina vikono vya hendibreki nyuma ya drum, vinakwama kwa matope na vumbi, viatu vinabaki vinasugua. Inua gurudumu, zungusha, utajua. Pistoni za kalipa za mbele vilevile. Upepo wa tairi PSI 29 baridi ni wa kitabu, mimi naweka 32 kwenye lami. Keria tupu juu ya paa ishushe. Kutoka 80 kwenda 110 ukinzani wa hewa unakaribia mara mbili, na hakuna plagi inayorudisha hiyo. Shafti ya mbele iache mahali pake: ukiwa kwenye 2H (magurudumu ya nyuma tu) diferensha ya mbele inajiachia yenyewe.

Kilichobaki kwangu ni valvu. 3RZ haina tapeti za kujirekebisha, nafasi za valvu zinapimwa injini ikiwa baridi: za hewa 0.15 hadi 0.25 ya milimita, za moshi 0.25 hadi 0.35, na kurekebisha ni kubadilisha vile vipande vya chuma juu ya tapeti. Za moshi mbili zimebana, ziko 0.20. Vipimo vya vipande ninavyotaka havijapatikana hapa mjini, na fundi aliyesema atavisugua kwa msasa vipungue nimemkataza kufungua kifuniko.