Bibi, wewe uliona?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko la juma hili ni 2 Petro 1:16-18, Petro anaposema kwamba walipohubiri habari za Yesu hawakufuata hadithi zilizotungwa kwa werevu.

Jumatano jumuiya ilikuwa kwetu, hapa Moshi. Baada ya sala umeme ukakatika, na mama yangu akaanza kuwasimulia watoto ile ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro. Mawenzi kila siku moto unamzimikia, kila siku yuko kwa Kibo kuomba kaa, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi ana mapengo kichwani. Mwanangu wa darasa la tatu akauliza, "Bibi, wewe uliona?"

"Nione wapi, mjukuu wangu? Na mimi niliambiwa."

Shuleni hadithi kama hiyo, ya kueleza asili ya kitu, huitwa kisasili. Sioni ubaya wake. Mimi ilinifunza kutomchosha jirani. Analolikana Petro ni neno la Kigiriki, muthos. Kwa Homeri wa kale lilikuwa usemi tu, lakini katika Agano Jipya limetokea mara tano, nne kwenye barua za Timotheo na Tito, na zote nne ni za kuonya. Biblia yetu inasema "hadithi". Hapo tuwe waangalifu, maana kwa jirani zetu Waislamu Hadithi ni mapokeo ya Mtume, jambo la heshima. Labda ndiyo sababu katika 2 Timotheo watafsiri wetu hawakuliacha peke yake, wakaongeza "za uongo"; lakini "za kizee" kwa Timotheo na "zilizotungwa kwa werevu" kwa Petro zimo katika Kigiriki chenyewe.

Halafu Petro anasema: tuliuona wenyewe ukuu wake. Tena mlimani, Yesu alipogeuka sura.

Mlima wetu nao una kisa chake. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo, Cooley, bingwa wa jiografia aliyekaa zake London, akaikataa: theluji karibu na ikweta? Ubishi uliendelea miaka, hadi msafiri Mjerumani, Baron von der Decken, alipofika mwaka 1861 akathibitisha. (Wachagga hakuna aliyewauliza.) Shahidi wa kweli aliitwa mtunzi na mtu ambaye hakuwahi kuuona mlima.

Umeme uliporudi, mtoto alikuwa bado na lake. "Na wewe baba, Yesu umemwona au umeambiwa?"

Nilimwambia akalale.