Siku nilienda Lodwar na sweta

Hii ni ya kitambo, nilikuwa bado fundi mchanga wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, na kulikuwa na kapteni mmoja wa Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria, kila akirudi anatuandikia kwa kitabu cha ndege: AC haifanyi kazi. Tunawasha injini (kompresa, ile pampu ya AC, kwa hiyo ndege inazungushwa na injini, ukizima injini sahau baridi), naweka mkono kwa tundu la hewa, baridi inatoka safi, naandika iko sawa, nasaini. Mara tatu hivyo. Na ilikuwa Julai, si unajua Julai ya Nairobi, jua lenyewe limejifunika blanketi.

Mara ya nne hakuandika kitu. Alikuja tu akasema, "Fundi, panda twende Lodwar." Nikapanda na ovaroli, sweta ndani.

Huko juu hakuna shida, ni baridi ya bure, kila futi 1,000 joto linashuka kama digrii 2. Balaa ni kuteremka. Wilson iko futi 5,500 na ushee, Lodwar, kule Turkana kwenye joto, haifiki hata 2,000, sweta ilianza kunishika shingo kabla hatujaona kiwanja. Tukatua, tukazima, abiria nao wakachelewa. Kapteni akafungua milango, akabandika kwa kioo ile karatasi ya kung'aa kama ya magari, akalowesha taulo akajitupia mabegani, yaani mtu amezoea. Mimi kurudi kwa kiti nikashika chuma cha mkanda, weh, ni kama nimeshika sufuria jikoni. Injini ikawaka, AC ikawashwa, nikaweka mkono pale pale kwa tundu. Pumzi ya mbwa. Kapteni kimya, ananiangalia tu na miwani yake.

Tuliporudi jioni nikafungua hadi kondensa, ile kama radieta ya AC inayotupa joto nje. Zile fini, vile vibati vyembamba vyake, zilikuwa zimezibwa na vumbi na vipande vya nyasi vya viwanja vya huko, hewa ingepitia wapi? Kwa baridi yetu ya asubuhi hata hivyo ilikuwa inajikokota, joto la Lodwar haliwezi. Nikaosha na sabuni na brashi laini, polepole kwa sababu fini zinapinda ovyo, na maji yaliyotoka yalikuwa kama uji wa wimbi, karai nzima.

Kapteni akapita akienda nyumbani, akachungulia karai.

"Fundi, hii nayo tuandike iko sawa?"