Wiki nzima ya Januari mosi

Leo asubuhi nimenunua bando, nikaiwasha kompyuta, na kila tovuti ninayofungua inagoma. Eti cheti chake cha usalama si halali. Nimeshaanza kulilaumu bando jipya, ndipo jicho likaangukia pembeni mwa kioo: 1 Januari 2009. Bibi kizee, yaani kompyuta yangu hii, amepotewa na tarehe. Kwa hesabu yake, vyeti vya tovuti zote hizo bado havijazaliwa.

Kosa langu. Kwa siku kadhaa alikuwa akiniomba nibonyeze F1 kabla hajaendelea, nami nabonyeza bila kusoma, kama mtu anayeitikia "salama" huku homa imempanda. Intaneti sikuwa nayo, nilikuwa nachapa tu, kwa hiyo sikushtuka.

Tatizo ni kile kibetri cha duara kilicholala kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, CR2032. Namba yenyewe ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene 3.2. Kazi yake ni kuishikia mashine saa na mipangilio umeme usipokuwepo; kikifa, saa inarudi Januari mosi kila umeme ukikatika, na hapa Tanga nadhani sina haja ya kueleza umeme usipokuwepo ni kitu gani.

Mashine hii niliinunua Kariakoo mwaka 2012, mtumba kutoka Uingereza. Ubavuni ina stika ya namba ya mali ya shule fulani ya huko, sijawahi kuibandua. Waya wake uliingia kwenye soketi yangu bila adapta, maana plagi ya pini tatu bapa tumeirithi kwao. Prosesa, ubongo wake, ni Core 2 Duo E8400 ya gigahezi 3, iliyotoka 2008. Ilikuja na Windows XP. Microsoft walipoiacha XP Aprili 2014, fundi akanipigia Windows 7, akaongeza ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, kutoka gigabaiti 2 hadi 4. Baadaye diski ilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi, nikaweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Pawasaplai, kile kisanduku cha kuilisha umeme, nimebadilisha mara mbili.

Mpwa wangu akija huicheka. "Mjomba, hii peleka makumbusho." Simu yake ina ramu mara mbili ya hii, kweli, lakini ikizima ghafla anabaki kuitazama. Mimi hii nikisikia inapiga milio bila kuonyesha kitu, najua ni ramu: naichomoa, nasugua meno yake kwa raba ya penseli, narudisha, inawaka. Fundi alinifundisha hilo bure huku akila mhogo, na sijui kama kuna somo jingine la bure lililoniokolea hela nyingi hivyo.

Watu husema imekuwa nzito. Hapana. Kuchapa inachapa vilevile kama 2012, barua inafunguka kabla sijavuta kiti. Kurasa za mtandaoni ndizo zilizonenepa. Kivinjari cha Chrome waliitema Windows 7 mwaka 2023, nikahamia kivinjari cha Firefox 115, toleo la mwisho kuikubali. Mambo ya benki siyafanyii kwenye mfumo ulioachwa hivyo, sijawa mjinga kiasi hicho. Mpwa ananisukuma niweke Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Nitaweka, Ramadhani ikiisha.

Basi nikachukua bisibisi. Ndani vumbi, skrubu zina kutu ya hewa ya bahari, na kando ya feni mjusi aliyekauka kama dagaa, sijui aliingia lini. Kibetri kipya shilingi 2,000. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka tarehe, tovuti zikafunguka zote kama hazikuwahi kuninunia.

Hapo nikakumbuka jambo jingine. Tangu juzi natafuta tafsiri ya mkataba niliyoimaliza wiki iliyopita. Nimepanga mafaili kwa tarehe, nikaangalia juu kabisa kwenye mapya, haipo. Jana nilikuwa nimekata tamaa, nimejipanga kuichapa upya. Leo nimeshuka chini kabisa, chini ya picha za harusi ya dada, chini ya barua zangu za kuomba kazi: kazi yote ya wiki imejazana pale, kila faili la Januari mosi 2009. Kurasa 14 zote zimo.

Mfuniko nimeufunga kwa skrubu moja. Ya pili ilianguka nyuma ya meza, nitaitafuta mchana kukiwa na mwanga.