Patasi ya resoti iliyonivunjikia

Juzi fundi wa chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, alinirudishia patasi niliyomfulia kutoka resoti, yaani springi ya lori. Vipande viwili. Hakusema neno, aliviweka tu juu ya fuawe akanitazama. Pale ilipokatikia palikuwa na chengachenga za kijivu, kama sukari.

Kosa ni langu. Mvua ilikuwa inaingia Birere, mtaa wetu hapa Goma, nikaichovya kwenye maji ikiwa nyekundu, nikampa papo hapo.

Papa, mzee aliyenifundisha kazi, hakuwa anachovya patasi mchana. Alingoja giza. Nilidhani ni ushirikina wa wahunzi, kumbe gizani ndipo rangi ya moto inapoonekana vizuri.

Katika chuma baridi, atomu zimejipanga kama vichumba vya mraba: moja kila pembe, moja katikati. Kikipata moto zinajipanga upya. Ile ya katikati haipo tena, na kila ubavu wa chumba unapata yake. Chuma kitupu hugeuka hivyo kwenye nyuzi 912 za Selsiasi. Chenye kaboni, kama resoti ya lori, huanza kugeuka kwenye 727 hivi. Mpangilio wa moto humeza kaboni mpaka asilimia 2, ule wa baridi karibu haumezi kitu.

Kikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kujitenga. Zima taa uangalie: wekundu unafifia, unafifia, halafu ghafla chuma kinang'aa tena kidogo, bila mtu kugusa mivukuto. Atomu zinarudi mpangilio wa zamani na kutoa joto. Mara ya kwanza niliruka nyuma.

Ukikipoza ghafla, kaboni inanaswa ndani na vichumba vinavutwa kuwa virefu upande mmoja. Hiyo ndiyo martensaiti, iliyopewa jina la Mjerumani Adolf Martens. Tupa inateleza juu yake. Lakini ukiigonga nyundo, inakatika kama chupa.

Safari hii, kwa patasi mpya, nilipima moto kwa sumaku ya spika mbovu. Karibu na nyuzi 770 haikushika tena, nikaongeza moto kidogo, nikachovya kwenye mafuta machafu ya injini. Nikaisugua ing'ae, nikairudisha pembeni mwa makaa ili isibaki ya kukatika kama chupa, mpaka ikapita rangi ya asali ikawa kahawia.

Fundi ameijaribu palepale kwenye gogo la mkaratusi, nyundo tisa, akaiangalia ncha, akaondoka nayo bila kulipa. Haki yake.